Nimerithi Datsun 240Z, injini wanasema imekwisha: nitie gani?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Nakuru, nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nimerithi Datsun 240Z ya 1972 kutoka kwa baba mdogo, marehemu. Ilikuwa imeegeshwa miaka kama saba. Tumeiwasha inawaka, lakini inatetemeka, inatoa moshi, mlima haipandi vizuri na maji ya rejeta yanapungua. Fundi wa hapa amepima kompresheni akapata 138, 140, 136, 140, 137 na silinda ya sita 70. Akasema injini imekwisha, nitie 1JZ, injini ya Toyota Mark II. Rafiki yangu wa Nairobi ananiambia nitafute RB, injini ya Nissan Skyline, mwingine SR20 ya Nissan Silvia. Pesa ninayo ya kufanya kitu kimoja, si vitatu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kumpoteza mzee. Mtu aliyeiweka Z mpaka leo bila kuiuza ovyo alikuwa anajua anachokifanya.

Kabla hatujafika kwa Toyota wala Skyline, tuzisome hizo namba zako sita, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda, maana naona hazijasomwa. Kitabu cha Nissan cha hiyo injini yako, L24, kinasema kompresheni ya kawaida ni 171 mpaka 185 psi. Fundi wako aliona 138 akasema basi, hii maiti. Lakini kile kitabu hakikuandikiwa Nakuru. Nyinyi mko juu mita 1,850 hivi, presha ya hewa yenu ni kama asilimia 80 ya hii yetu ya pwani, sasa pistoni ikivuta inavuta hewa chache na ikibana inabana hiyo hiyo chache. Chukua injini inayosoma 175 hapa Mombasa, ipandishe mpaka kwenu, itasoma 140 hivi bila kuharibika kitu. Yaani silinda zako tano ziko sawa kuliko za magari mengi ninayoyaona hapa gereji, na hapo hata sijui kama alipima injini ikiwa moto, plagi zote sita zimetolewa na mguu umekanyaga mafuta mpaka chini, kwa sababu ukipima kabureta zikiwa zimefunga namba zinashuka pia.

Mgonjwa ni mmoja tu, namba sita, yule wa nyuma kabisa karibu na ukuta wa kebini. Na mgonjwa mmoja hafukuzishi familia nzima.

Mpime hivi. Chukua mafuta ya injini kijiko kimoja cha chakula, mwaga kwenye tundu la plagi ya sita, zungusha injini kidogo yaenee, kisha pima tena. Kama namba imeruka kutoka 70 ikafika 110 au 120, shida iko kwenye ringi za pistoni au ukuta wa silinda, kwa sababu yale mafuta yameziba pale penye mwanya. Kama imebaki 70 au 75, ringi ziko sawa, upepo unatorokea juu, kwa valvu au kwa gasketi ya hedi (hedi ndiyo kile kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu). Kwa vile umesema maji yanapungua na silinda ya tano iko salama, mimi nashuku moja kati ya mawili: valvu ya ekzosi imeungua, au gasketi imepasuka upande wa njia ya maji pale nyuma. Gasketi ikipasuka katikati ya silinda mbili huwa zinaanguka zote mbili jirani kwa jirani, hapa si hivyo. Na huo moshi hukuniambia rangi! Mweupe unaonuka utamu ni maji ya rejeta yenye dawa, wa buluu ni oili. Wa buluu asubuhi ukiwasha halafu unakatika, hizo ni sili za valvu, kitu kidogo. Wa buluu ukikanyaga mlimani, hapo tena ni ringi.

Valvu kuungua kwenye hizi injini si ajabu. Uwazi wa valvu za L24 unarekebishwa kwa mkono, injini ikiwa moto ni milimita 0.25 upande wa kuvuta na 0.30 upande wa ekzosi, na watu wengi hawajawahi kugusa tangu wanunue gari. Kila valvu inavyozidi kuingia kwenye kiti chake ndivyo uwazi unavyopungua, mwisho valvu haifungi kabisa, moto unapita pembeni mwake kila mzunguko mpaka unakula ukingo. Hedi za zamani zenyewe zilitengenezwa wakati wa petroli ya lead, na lead ndiyo ilikuwa inalinda viti vya valvu, nayo imeondoka huku kwetu tangu 2006. Ukifungua hedi, peleka itiwe viti vigumu vya ekzosi vyote sita, ni kazi ya mara moja.

Sasa nisikilize vizuri hapa, na umsomee fundi wako kwa sauti. Kabla hamjatoa hedi ya L24 ndani ya gari, chongeni kabari ya mbao, ndefu, nyembamba chini na nene juu, muishindilie katikati ya cheni ya taiming kule mbele, ikaze pande zote mbili, ndipo mfungue gia ya kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Kule chini kuna tenshona ya cheni, ni kipistoni kidogo chenye springi, cheni ikilegea tu kinachomoka chenyewe kinadondoka. Kikidondoka hakirudi mpaka utoe kava ya mbele yote, na kuitoa kava ya mbele unatoa rejeta, feni, puli, na ukibahatika hukuharibu gasketi ya sampu, lile bakuli la oili la chini. Kazi ya nusu siku inakuwa ya siku tatu. Nilikifanya hicho kituko mwenyewe nikiwa kijana, bosi wangu hakunisema kitu, alinipa tu kipande cha mbao na jioni nikakaa nachonga. Kile kipande ninacho mpaka leo, kimekuwa cheusi kama mkaa kwa oili.

Na mashinisti akisawazisha hedi asile chuma kingi. Hedi ikishuka cheni inalegea na taiming ya kemshafti inachelewa, kitabu kinaruhusu kama milimita 0.2 tu. Zile nguzo zinazoshika kemshafti zisichanganywe, zimechongwa pamoja na hedi yake kila moja mahali pake.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza ni kwamba huenda huhitaji injini nyingine kabisa. Hedi, gasketi, viti vya valvu, sili, tenshona mpya, na kabureta zilizosafishwa. Zile kabureta mbili za Hitachi zina nati chini, unaipandisha mpaka juu halafu unashusha mizunguko miwili na nusu, hapo ndipo pa kuanzia, lakini hicho nacho ni kipimo cha usawa wa bahari, huko kwenu rudisha juu kidogo kidogo mpaka isikilizane, la sivyo itakula petroli na plagi ziwe nyeusi tititi. Siku ukishuka nayo Mombasa kwa likizo ushushe tena, usije ukaunguza hizo valvu mpya.

Haya, tuseme umefungua ukakuta mabaya. Ukuta wa silinda umechanika, au krenkshafti imenoki, au bloku ina ufa. Hapo ndo tunaanza kuzungumza injini.

Chaguo langu la kwanza ni L28, na sisemi hivyo kwa uzee. Nissan walianza na L24 kwenye 240Z, cc 2,393, wakaweka L26 kwenye 260Z, wakamalizia na L28 kwenye 280Z na 280ZX, cc 2,753. Hizi ni ndugu tumbo moja. Tundu la silinda limetoka milimita 83 likawa 86, na mwendo wa pistoni kutoka 73.7 ukawa 79, lakini nje bloku inakaa palepale, maunting zilezile, giaboksi yako inafunga palepale, hata hedi yako inaingia. Mtu akifungua boneti hajui mpaka asome namba. Na nguvu ya chini, ile ya kupanda mlima ukiwa gia ya tatu bila kelele, inaongezeka unaisikia kwa mgongo. Kwa nyinyi mnaoishi juu, ambako injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 17 ya nguvu yake kwa hewa tu, hizo cc 360 za ziada zinakurudishia karibu kile ulichonyang'anywa na mlima.

Unaipata wapi? Usitafute 280Z, utazeeka. L28 iliwekwa kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 80 mwanzoni, zile za boksi, na kwenye Cedric 280C. Patrol za namna hiyo nyingi huku kwetu zilishatiwa dizeli zamani, na injini zao za petroli zikasukumwa nyuma ya gereji chini ya mwembe. Zungukia Grogan na Kirinyaga Road kule Nairobi, lakini zungukia pia wazee waliokuwa na Patrol. Ukiipata usiamini mdomo wa mtu. Futa upande wa kulia wa bloku kule nyuma, chini ya plagi ya sita, pamegongwa namba inayoanza na L24 au L26 au L28. Wauzaji wengine si waongo, hawajui tu, kwao zote ni "injini ya Datsun silinda sita".

Ikiwa ya Patrol, sampu yake haifai kwako kwa sababu ile gari ina aksili mbele. Unatoa sampu yako ya Z pamoja na ule mrija wa kunyonya oili, unahamisha, umemaliza. Hamisha pia mabano ya maunting, distribyuta, na manifoldi yako na kabureta zako. Ikiwa ni ya gari ya injeksheni, hedi yake haina pampu ya petroli ya kusukumwa na kemshafti, kwa hivyo ama unatia hedi yako ama unatia pampu ya umeme ya presha ndogo, ya kabureta, usitie ile ya injeksheni itakufurikia.

Hapo kwenye hedi pana mtego mmoja. Utasikia watu wanakwambia tia hedi ya E31, ile ya 240Z za kwanza, juu ya L28 yenye pistoni bapa, utapaa. Ni kweli chumba chake ni kidogo, uwiano wa kompresheni unapita 10 kwa 1, na ukiwa na petroli nzuri na mtu wa kuitega taiming sawasawa ni tamu sana. Kwa petroli ya stesheni yoyote ya barabarani na jua la Mtito Andei itagonga kama bati linalomwagiwa kokoto, na pistoni haitadumu. Kwenye hedi yako utaona herufi zimesubiwa, E31 au E88, niambie ni ipi na pistoni za hiyo L28 ni bapa au zina dishi, ndipo tuamue. Na yule atakayekwambia tafuta krenkshafti ya LD28 ya dizeli yenye mwendo wa 83 utengeneze lita 3.1, mwambie asante. Inawezekana, watu wamefanya sana Marekani na Australia, lakini wewe umesema pesa ni ya kitu kimoja.

Klachi. Hapa nimeumia mwenyewe kwa hivyo niruhusu nirefushe. Hizi Z zina presha pleti (ile sahani inayobana diski ya klachi) za aina zaidi ya moja, nyingine fupi nyingine ndefu, na kila moja ina kola yake ya beringi ya klachi inayolingana nayo. Kola fupi na pleti ndefu, au kinyume chake. Niliwahi kutia L28 kwa 260Z ya mteja mmoja wa Nyali, nikatia klachi mpya iliyokuja na injini, kola nikaacha ile ya zamani ya giaboksi kwa vile ilionekana nzima. Tumefunga kila kitu, tumetia oili, mteja amekuja na mke wake wamevaa vizuri wanataka kwenda kula samaki, nakanyaga klachi, gia hazingii. Tukatoa hewa kwenye klachi mara tatu. Tukabadilisha silinda ndogo ya chini. Hazingii. Giaboksi ikashuka, nikaangalia nikaona kila kitu kizima, nikapandisha tena kama mjinga, hazingii tena. Ikashuka mara ya pili. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akanunua soda akauliza, "Umepima?" Kupima nini? Kutoka uso wa flaiwili mpaka pale uma unaposukuma kola, klachi ikiwa imefungwa, panatakiwa milimita 92 hivi. Yangu ilikuwa imepungua zaidi ya sentimita nzima. Kola ya tofauti, kazi ya siku mbili. Kwa hivyo pima 92 kabla giaboksi haijapanda, na ukinunua injini na giaboksi pamoja usizitenganishe na kola yake.

Sasa 1JZ. Sitaisema vibaya, ni injini nzuri, na kama baba mdogo angekuachia bodi tupu bila injini ningekwambia twende nayo, siku hiyohiyo. Lita 2.5, silinda sita za mstari kama yako, inawaka asubuhi bila kubembelezwa, plagi na sensa unanunua hata duka la mtaani, na injini ya eksi-Japani utapewa ukachague. Pua ya Z ni ndefu inaingia. Lakini "inaingia" ni neno la mtu ambaye halipi yeye.

Hebu tembea nami. Sampu ya injini inakutana na ile krosimemba ya mbele, lazima ipimwe, pengine ikatwe na kuchomewa upya. Maunting za kutengeneza. Mark II nyingi zinazokuja ni za otomatiki, kwa hivyo giaboksi ya mkono ya Toyota utaitafuta kivyake na ndiyo ghali kuliko injini. Propela ya kutengeneza na kubalansi, na ikibalansiwa vibaya itakutetemesha ukifika 90. Waya na kompyuta ya injini, na hapa ndipo magari mengi yanapolala, kwa sababu fundi wa injini anasema ni kazi ya fundi umeme na fundi umeme anasema injini haikufungwa sawa. Pampu ya petroli ya presha kubwa na mrija wa kurudisha, na tangi ya 240Z ilitengenezwa kwa kabureta, ukikata kona tangi ikiwa robo petroli inakimbilia pembeni na injini inakatika katikati ya kona, pale pasipotakiwa kabisa. Kipima mizunguko cha dashibodi kinasoma umeme wa koili moja ya zamani, 1JZ ina koili zake nyingine, kitalala. Spidomita yako ni ya kebo, giaboksi mpya pengine ina sensa ya umeme. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kisichowezekana. Kila kimoja kina fundi wake na wiki zake na "boss ongeza kidogo". Nimeona Z moja iliyokaa juu ya mawe miaka miwili kwa safari ya namna hii, mwisho mwenyewe aliiuza na injini ikiwa imening'inia kwa cheni.

Na tukifika nyuma, difu yako ya R180, zile gia za ekseli ya nyuma, haikuletwa duniani kwa ajili ya nguvu za 1JZ yenye tabo. Ya kawaida isiyo na tabo itaivumilia ukiendesha kiungwana. Ya tabo utatafuta difu ya R200, na shafti zake, na maunting yake. Breki pia: mbele una diski nyembamba, nyuma ni ngoma. Kwa hii ya breki nakupa siri ya bure hata ukibaki na L24 yako, kalipa za mbele za Hilux ya 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 80, zile za pistoni nne, zinafunga kwenye stratti za 240Z bila kuchonga bano, unakunja tu kidogo ile sahani ya vumbi ya nyuma ya diski. Hilux kuukuu Kenya hii hazijaisha.

RB na SR nazipitia haraka. RB25 ni mtoto wa ukoo wa Nissan, ndiyo iliyorithi nafasi ya L, na ukisema lazima injini ya kisasa mimi ningekusukuma huko kabla ya Toyota, heshima tu. Ila kila nilichosema cha waya, tangi, propela na mita kinabaki vilevile, na spea zake huku ni za kuagiza. RB26 ya GT-R usiiwaze, bei yake dunia nzima imeshapanda mti. SR20DET ni nyepesi, alumini, pua ya gari inakuwa nyepesi kwenye kona, inapendeza sana. Lakini ni silinda nne. Utaikaa 240Z, utawasha, na itasikika kama teksi yenye hasira. Mimi siwezi, labda wewe unaweza. Na kuna mtu atakuja kukwambia utie dizeli ya Hiace ili usipoteze mafuta, huyo mpe chai aende.

Lipo jambo la bodi ambalo ningelianza nalo kama ungekuja nayo hapa. Kabla ya shilingi moja kwenda kwa injini, ingia chini na bisibisi butu ugonge. Reli za chini ya sakafu, sakafu yenyewe chini ya zulia, chini ya betri ambako asidi hudondoka miaka, na nyuma ya magurudumu ya mbele. Pakisikika tang' ni chuma, pakisikika puf ni rangi imeshikana na kutu. Nakuru mna bahati, kutu yenu ni ya polepole, za huku kwetu pwani chumvi inazila zikiwa zimesimama. Ukikuta reli zimeoza, hela ya injini yote ihamie kwa mchomeleaji.

Na umeniuliza mwisho wa barua kama ni kweli "hii ni gari ya Safari". Aina hii ndiyo, 240Z ilishinda Safari Rally 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, ile ya 1973 walifungana pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström ikabidi waamuliwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Ya kwako si lazima iwe imekimbia popote, zilizonunuliwa na watu wa kawaida kwa sababu ya ule ushindi ni nyingi zaidi. Lakini hilo lina bei. Siku ukitaka kuiingiza kwenye mashindano ya magari ya zamani au kuisimamisha Ngong kwenye Concours, yale mashindano ya urembo wa magari, wanaangalia chini ya boneti. L24 yenye namba inayolingana na kibandiko ni gari moja, 1JZ ni gari nyingine kabisa hata rangi ikiwa ileile. Ndiyo maana nasema ukitia L28, ile bloku ya L24 usiiuze chuma chakavu hata iwe na ufa. Ipake oili, ifunge nailoni, iweke juu ya mbao pembeni ya gereji. Siku utakayouza, mnunuzi wa maana ataiuliza kabla ya kuuliza bei.

Karatasi usisahau. Logbook imeandikwa namba ya injini, ukibadilisha injini unatakiwa ubadilishe na maelezo NTSA, mamlaka ya usafiri, gari ikakaguliwe. Wanataka kujua injini imetoka wapi, kwa hivyo muuzaji akupe risiti yenye namba ya injini imeandikwa, si "injini 1, Nissan". Anayekataa kuandika namba, mwachie injini yake. Na bima pia wajue, siku ya ajali wao ndo wa kwanza kusoma namba.

Fanya basi hivi wiki hii: kile kijiko cha oili silinda ya sita, rangi ya moshi asubuhi na mlimani, picha ya namba ya bloku kulia nyuma, picha ya zile herufi za hedi, na bisibisi chini ya sakafu. Nitumie vyote vitano. Mwambie fundi wako asifungue hedi mpaka amechonga kabari, na kama hana mbao ngumu atumie mti wa mpini wa jembe, ule haugawanyiki.